Sura ya Sita: Kadi Isiyoshikika

Mteja akiacha laptopu kwa fundi mjini Bukoba asubuhi ili ipigwe window, jioni anaweza kukuta kazi ndiyo kwanza imefika pagumu. Mfumo umeshaingia na skrini inawaka, lakini alama ya Wi-Fi haionekani, spika ziko kimya na maandishi yamevimba kama ya kitabu cha chekechea. "Mama, draiva bado," fundi anasema, na mama anaketi kwenye benchi kusubiri. Fundi anatoa diski ya nje iliyochakaa pembe, yenye DriverPack ya gigabaiti kadhaa, anaichomeka na kuiacha iichunguze mashine yenyewe mpaka imalize.

Diski ile haikuwekwa pale kwa mapambo. Draiva ya kadi ya mtandao hupatikana mtandaoni, na mtandaoni huwezi kufika bila draiva ya kadi ya mtandao. Mafundi wote wamewahi kunaswa na kitanzi hicho, na kila mmoja ana pa kutokea: flashi, diski ya nje, au simu iliyounganishwa kwa waya wa USB ili igawe bando. Njia zote hizo zinahitaji tundu la kuchomeka na mkono wa kuchomekea.

Mashine ninayotaka kuieleza haina tundu. Imekodishwa Cape Town, iko karibu kilomita 3,900 kutoka Bukoba kwa mstari ulionyooka, na mwenye kuikodi hatakaa aione. Kadi yake ya mtandao haishikiki, kwa kuwa anachokiona ni umbo la kadi linalotengenezwa na vifaa vya mtoa huduma. Mashine hiyo ikiwaka bila draiva ya kadi hiyo inakuwa imewaka bure.

Kwanza, kwa nini mtu wa Kagera aende kukodi huko kote? Waulize waliojaribu kukaa na seva ofisini. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Umeme nao una historia yake. Kwa miaka mingi Bukoba na Muleba hazikuwa kwenye Gridi ya Taifa. Umeme ulinunuliwa Uganda na kuletwa kupitia Masaka, kwa hiyo hitilafu ya upande wa pili wa mpaka ilizima taa za Kamachumu. Halafu tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, likaja tetemeko la ukubwa wa 5.9. Liliua watu wasiopungua 17, likabomoa maelfu ya nyumba na kuziharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Aliyekuwa na daftari la wanachama ndani ya kompyuta moja, kwenye chumba kimoja, alipata la kufikiria.

Wingu nalo, yaani mashine za kukodi kama hiyo ya Cape Town, lina siku zake mbaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja, na sehemu kubwa ya Tanzania ikabaki na intaneti ya kudonoadonoa. Aliyekuwa na seva Cape Town siku hiyo aliifikia kwa taabu au hakuifikia kabisa, wakati jirani mwenye seva chini ya meza aliendelea na kazi. Hata hivyo hitilafu ya waya hutengenezwa na data hukutwa palepale ilipoachwa. Seva iliyoungua kwa radi huenda na ulichokiweka.

Basi tuseme chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa kahawa, mahali fulani kati ya Muhutwe na Nshamba wilayani Muleba, kina kijana mmoja wa kompyuta. Kijana huyo huyo anaitwa na zahanati, na shule, na wakati mwingine na parokia. Hayupo wa kupokezana naye. Lolote linaloamuliwa ndani ya keneli na watu asiowajua linamwangukia yeye.

Keneli ni sehemu ya mfumo endeshi inayopakiwa kwanza mashine inapowaka, na ndiyo inayosema na vifaa: diski, kumbukumbu, kadi ya mtandao. Draiva ni kipande cha keneli kinachojua lugha ya kifaa kimoja. Anayeunda keneli ya Linux hujibu maelfu ya maswali, moja kwa kila draiva. Akijibu "y", draiva inashonwa ndani ya keneli. Akijibu "m", inakuwa moduli, faili la pembeni linaloitwa linapohitajika. Akijibu "n", haimo. Majibu hayo huhifadhiwa kwenye faili la kawaida la maandishi, na katika Debian au Ubuntu unaweza kulisoma ndani ya folda ya /boot. Tafuta humo CONFIG_ENA_ETHERNET, draiva ya kadi ya mtandao ya Amazon, na utakuta, kwa matoleo ya miaka hii, alama ya usawa na herufi m. Herufi hiyo moja ndiyo inayoiwezesha mashine ya Amazon kukujibu ukiiita.

FreeBSD ina utaratibu kama huo, ila kwake orodha ina jina: GENERIC. Hiyo ndiyo keneli ya chaguo-msingi, anayoipata kila mtu anayepakua mfumo na kuusimika bila kugusa kitu. Habari ninayoijua vizuri kuhusu draiva za wingu na keneli ya chaguo-msingi inatoka hapo, nayo inastahili kusimuliwa polepole.

Huduma ya Amazon ya kukodisha mashine, EC2, ilizaliwa Afrika. Iliundwa Cape Town na kikosi kilichoongozwa na Chris Pinkham, aliyetaka kurudi kwao Afrika Kusini, akiwa pamoja na Willem van Biljon, na ikafunguliwa kwa wateja Agosti 2006. Ajabu ni kwamba mji ulioiunda ulingoja hadi Aprili 2020 ndipo Amazon ifungue vituo vyake vya data hapo. Mteja wa Afrika Mashariki aliyeanza mapema aliweka mashine zake Ireland au Virginia.

Mashine za mwanzo zilikaa juu ya Xen, programu inayoigawa kompyuta moja kubwa kuwa mashine pepe nyingi. Keneli haikuwa hata mali ya mteja. Ulichagua moja kati ya zile zilizokubaliwa na Amazon, ukaweka mambo yako juu yake. Mlango wa kuleta keneli yako mwenyewe ulifunguliwa mwaka 2010. Mwishoni mwa mwaka huo Mkanada Colin Percival, aliyekuwa ofisa usalama wa FreeBSD, akatangaza kwamba mfumo wake unawaka kwenye EC2, japo kwa kuanzia ni kwenye ile mashine ndogo kuliko zote.

Kwenye mashine kubwa palikuwa na kizuizi. FreeBSD ilihitaji aina ya mashine pepe inayojifanya kompyuta kamili, na kwa mashine nyingi za EC2 Amazon ilitoa aina hiyo kwa wateja wa Windows tu. Percival akapita mlango huo huo. Alichukua mashine ya Windows, akaiweka FreeBSD ndani ya diski yake, na EC2 ikaendelea kuamini kwamba inahudumia Windows. Bili nayo iliamini hivyo hivyo, kwa hiyo watumiaji wa mfumo wa bure kabisa walilipa kila saa bei ya Windows wasiyoitumia. Hali hiyo ilidumu miaka kadhaa, na ilikwisha Amazon ilipowafungulia mashine za aina ile wateja wote.

Hilo la bili lilichekesha. Jambo la pili, ambalo mimi naliona zito zaidi, halikuchekesha. Draiva za Xen, ile ya diski na ile ya mtandao, hazikuwamo ndani ya GENERIC ya FreeBSD 9. Zilikuwa kwenye keneli nyingine yenye orodha yake, XENHVM, ambayo mtu aliiunda mwenyewe. FreeBSD ina chombo kiitwacho freebsd-update kinacholeta marekebisho ya usalama yakiwa tayari yameshaundwa, bila wewe kukusanya msimbo. Kwa upande wa keneli, chombo hicho huhudumia GENERIC peke yake. Tundu la usalama likitangazwa, wenye GENERIC walitoa amri, wakawasha upya mashine, wakaenda kulala. Wenye keneli ya EC2 walitakiwa kupakua msimbo, kuiunda keneli upya kwenye mashine dhaifu kwa muda mrefu, kuisimika, na kuomba Mungu iwake. Na aliyekiandika chombo cha freebsd-update ni Percival yuyo huyo. Chombo chake hakikuweza kuihudumia keneli yake.

FreeBSD 10.0 ilipotoka Januari 2014, GENERIC ilikuja na uwezo wa Xen ndani yake, pamoja na draiva za Hyper-V, programu ya Microsoft ya kazi kama ya Xen, na zile za virtio, kadi nitakayoieleza mbele kidogo. Kwa mtazamaji ni mistari michache tu iliyoongezwa kwenye faili la maandishi; wa kadi ya virtio umeandikwa "device vtnet", basi. Kwa mtu aliye peke yake na seva tatu za kuangalia, mistari hiyo ilimwondolea kazi ya usiku. Kuanzia hapo marekebisho ya usalama ya keneli yalimfuata alipo.

Mtu akiniuliza draiva ya wingu inafuata nini ndani ya keneli ya chaguo-msingi, namjibu kwamba kuwasha mashine ni faida ya siku ya kwanza tu. Faida ya miaka inayofuata ni kwamba ukishakuwa kwenye chaguo-msingi unaingia kwenye matunzo ya wote: wanaojaribu matoleo mapya wanakujaribia, wanaoziba matundu wanakuzibia. Ukiwa nje yake unajitunza. Kampuni kubwa ya Nairobi au Johannesburg inaweza kuajiri watu wa kujitunza. Chama cha wakulima kule Muleba kina kijana mmoja, tena wa nusu siku.

Kwenye Linux mambo yalikwenda kwa njia nyingine kidogo. Mwaustralia Rusty Russell aliona kila mtengenezaji wa mashine pepe anabuni kadi yake, na kila kadi inadai draiva yake. Akapendekeza kadi moja ya kubuni ambayo wote wangeikubali. Ndiyo virtio. Draiva yake ya mtandao iliingia kwenye Linux 2.6.24 Januari 2008, na baadaye vipimo vya virtio 1.0 vikachapishwa na shirika la OASIS. Mtoa huduma mdogo popote, hata wa Dar es Salaam, akitumia programu ya mashine pepe ya KVM pamoja na virtio, anajua kwamba karibu kila mfumo endeshi wa mteja utaitambua kadi yake bila kuambiwa. Hana haja ya kumbembeleza mtu yeyote aliye na ufunguo wa keneli.

Wakubwa wenyewe hawakutosheka na kadi ya wote. Microsoft, iliyokuwa imetumia miaka mingi kuisema vibaya Linux, Julai 2009 ilitoa mistari ipatayo 20,000 ya msimbo wa draiva ili Linux iende vizuri juu ya Hyper-V. Amazon ilileta kadi yake ya ENA mwaka 2016, na draiva ikaingia kwenye Linux 4.9 Desemba mwaka huo huo. Ile ya FreeBSD iliandikwa na Semihalf, kampuni ya Kraków, Poland. Google ikafuata na gVNIC, ambayo draiva yake iliingia Linux 5.3 mwaka 2019. Microsoft ikaja tena na kadi mpya, MANA, kwenye Linux 5.13 mwaka 2021. Kasi ndiyo iliyowasukuma. Kadi ya wote hupitisha kazi nyingi kwenye programu ya mwenye nyumba, yaani mtoa huduma, na mwenye nyumba alitaka kazi hiyo ibebwe na kifaa chake mwenyewe ili prosesa zake zibaki za kukodisha.

Hapo ndipo kijana wetu wa Muleba anapoingia matatani. Tuseme seva ya chama ilianzishwa Ireland mwaka 2013, juu ya Xen, kwa Ubuntu 12.04 yenye keneli ya 3.2. Imefanya kazi miaka yote hiyo. Sasa bodi inataka data isogee karibu, na anaamua kuihamishia Cape Town. Ananakili taswira ya diski nzima, anachagua mashine ya kizazi kipya, ile iliyojengwa juu ya mfumo wa Nitro ambao Amazon iliuanza Novemba 2017, na anabonyeza kuwasha. EC2 inakataa. Taswira yake haina alama ya enaSupport, inayothibitisha kwamba inaijua kadi ya ENA. Anasoma haraka haraka, anaona kwamba alama hiyo inawekwa kwa amri moja, anaiweka. Alama ni ahadi yake tu kwa Amazon. Haiongezi draiva ndani ya keneli. Safari hii EC2 haikatai.

Skrini yake inaonyesha mashine iko hai. Kati ya vipimo vya afya, kile cha vifaa vya Amazon kimepita, kile cha mashine yenyewe kimefeli. Kipimo hicho cha pili huipigia hodi kadi ya mtandao, na ndani hakuna wa kuitika. Mashine za Nitro huonyesha diski zake kwa njia ya NVMe, kwa hiyo draiva ya NVMe ikikosekana hali ni mbaya zaidi: keneli haioni hata diski na inasimama njiani. Ikiwepo NVMe bila ENA, kila kitu ndani kinafanya kazi. Hifadhidata inasubiri wateja, saa inahesabu, bili inahesabu. Kutoka Muleba yote hayo hayafikiki, na flashi haina pa kuchomekwa. Kuingia kwa njia ya konsoli, kama mtu aliyeketi mbele ya mashine, kumewezekana kwenye EC2 tangu mwaka 2021 tu, na ni lazima uwe umejiwekea nywila ya kuingilia kabla. Wengi hawajiwekei, kwani kila siku huingia kwa ufunguo kupitia mtandao. Kinachobaki ni kuizima, kuifungua diski yake, kuipachika kwenye mashine nyingine inayoongea, kuirekebisha humo na kuirudisha. Ni mazoezi mazuri kwa mwanafunzi. Kwa mtu ambaye asubuhi wakulima wako dirishani wakiulizia malipo ya kahawa, mazoezi ni neno la adabu mno.

Wapo wanaopinga kuijaza keneli ya chaguo-msingi, na si wapumbavu. Kila draiva ni msimbo, na msimbo una makosa. Anayeendesha FreeBSD kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani ana haki ya kuuliza kwa nini abebe draiva ya kadi ambayo haiuzwi dukani na haitawahi kuwa mezani pake. FreeBSD ilikaa muda mrefu na suluhisho la katikati: draiva ya ENA ilibaki moduli, na taswira za EC2 zikaja na mstari wa if_ena_load="YES" kwenye faili la kuwashia. Anayechukua taswira hiyo rasmi hajui hata kama mstari upo. Anayeleta diski yake kutoka kwingine, kama kijana wetu, ndiye anayejua ulipokosekana.

Debian ilikwenda upande wa pili. Kuanzia Debian 10 ya mwaka 2019 inatoa keneli maalumu ya wingu, iliyopunguzwa vifaa vyote ambavyo mashine pepe haivioni: kadi za sauti, kamera, vipande vya laptopu. Inapakuliwa upesi, na kwa mwenye bando la kupimiwa hilo si dogo. Gharama yake inajitokeza mtu anapochukua taswira iitwayo genericcloud, yenye keneli hiyo nyembamba, na kuiweka mahali ambapo waandaaji hawakupafikiria. Debian wenyewe wanashauri kwamba ikikushinda, uchukue ile ya generic, yenye draiva zote. Mimi kwa mtu wa Bukoba ningeanza na hiyo nene. Megabaiti za ziada analipa mara moja, wakati seva iliyo bubu inamla siku nzima, na siku ya mtu aliye peke yake ndiyo bidhaa adimu kuliko zote hapa.

Kinachonisumbua zaidi ni nani anayepata nafasi ndani ya chaguo-msingi. Amazon, Google na Microsoft zina wahandisi wanaolipwa kuandika draiva, kuzipeleka kwa watunzaji wa keneli na kujibu maswali yao miezi kwa miezi. Mteja wa Kagera anafaidi jasho hilo bila kulipa, na sina kinyongo. Ila keneli inajua kadi zilizokuwapo siku ilipotolewa. Kadi mpya ikija, mwenye mfumo wa zamani uliotulia, ambao ndio mfumo watu wenye wajibu hupenda kuwa nao, anarudi kwenye kitanzi cha draiva na mtandao.

Microsoft kwa MANA imelishughulikia hilo kwa namna ninayoipenda. Mashine ya Azure, huduma ya wingu ya Microsoft, inayowekwa kwenye vifaa vya MANA bila kuwa na draiva yake haibaki bubu. Inapewa njia ya zamani ya Hyper-V, ile ambayo draiva yake imo ndani ya Linux tangu miaka ya 2009 na 2010. Kasi inashuka, lakini kijana aliyeko Muleba anaingia kwa ufunguo wake wa kawaida, anasasisha keneli, anawasha upya, na safari hii mashine inarudi ikiwa na kadi mpya. Amazon ingeweza kufanya vivyo hivyo kwenye Nitro, kwa kumwachia mteja wa taswira kuukuu kadi moja ya pole pole ya aina inayojulikana. Haikufanya.